S24 Mbili Mezani, Herufi Moja Kati Yao

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Bahati aliniletea simu mbili, yake na ya mumewe. Zote ni Samsung Galaxy S24, zote nyeusi, kimo kimoja, vioo havina hata mkwaruzo. Yake aliinunua mpya, ikiwa ndani ya boksi lake. Ya mumewe ni ya mtumba iliyotoka Marekani, na nafuu aliyoipata ilitosha kulipa karo ya mtoto muhula mzima. Kilichomleta ni mpwa wake, kijana wa chuo, aliyewaambia mezani wakati wa chajio kwamba simu hizo si sawa ndani. Mume naye alikuwa amegundua jambo lake: kitrei cha simu yake kina nafasi ya laini moja, cha mkewe kina mbili.

"Fundi, ipi kati ya hizi ndiyo ya kweli?" aliniuliza.

Zote ni za kweli. Nilimwomba afungue mipangilio, ashuke hadi mwisho panapoelezwa habari za simu, anisomee namba ya modeli. Yake ilikuwa SM-S921B. Ya mumewe, SM-S921U. Tarakimu ni zile zile, ni herufi ya mwisho tu iliyogeuka, na kwa herufi hiyo moja chipu imebadilika, idadi ya laini imebadilika, na nchi ambako simu ile ina haki ya dhamana imebadilika pia.

Safu hii naiandika kwa ajili ya herufi hiyo. Hapa Nakuru tukilinganisha simu za daraja la juu huwa tunabishania majina: S24, S24+, S24 Ultra, ipi kali zaidi, ipi ina kamera kubwa zaidi. Kwa mnunuzi wa hapa, jina ni nusu ya simu. Nusu ya pili ni soko ambalo simu ile ilitengenezewa, na miaka ambayo kampuni bado imeahidi kuihudumia. Nusu hiyo ya pili haiandikwi kwenye bango, na muuzaji haitaji mpaka aulizwe.

Nimechagua mfululizo wa S24, ingawa S25 iliufuata Januari 2025, kwa sababu mbili. Kwanza, S24 sasa zimeanza kumiminika kwenye soko la mitumba, na ndizo ninazoulizwa habari zake kila wiki. Pili, ndugu zake wamechanganywa chipu, tofauti na wale wa S23 na wa S25.

Ndugu wenyewe ni watatu, waliozinduliwa tarehe 17 Januari 2024 huko San Jose, California. S24 ndiye mdogo: kioo cha inchi 6.2, betri ya 4,000 mAh, uzito usiofika gramu 170, simu inayoingia mfuko wa shati bila kuuvuta. S24+ ana inchi 6.7 na betri ya 4,900 mAh. Ultra ana inchi 6.8, betri ya 5,000 mAh, fremu ya titani, kalamu ya S Pen iliyofichwa tumboni, na uzito wa gramu zaidi ya 230. Siku ya uzinduzi, Marekani, bei zao zilianzia dola 799, 999 na 1,299. Bei za kwetu hupanda na kushuka kwa ushuru na kwa dola, lakini mpangilio wa ngazi hubaki ule ule: hatua ya kutoka kwa wa kwanza hadi wa kati ni fupi kuliko hatua ya kutoka kwa wa kati hadi Ultra. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Kabla ya tofauti, tuseme yale wanayolingana, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kamera ya mbele ni ile ile kwa wote watatu, ya megapikseli 12. Anayenunua Ultra ili picha zake mwenyewe za harusi zing'are zaidi analipia kitu ambacho mwenye S24 ndogo anacho tayari mkononi. Lenzi ya kuvuta mara tatu ni ile ile kwa wote, megapikseli 10. Mwangaza wa juu wa kioo ni niti 2,600 kwa wote, ingawa kioo cha Ultra kina utando unaopunguza mng'ao wa jua, na huo nimeuona faida yake kwa macho yangu saa saba za mchana pale steji ya boda boda. Kinga ya vumbi na maji ni IP68 kwa wote. Ahadi ya miaka saba ya masasisho ni ya wote.

Sasa chipu. S23, S23+ na S23 Ultra za mwaka 2023 zilitoka zote na Snapdragon 8 Gen 2, popote duniani. Mwaka uliofuata Samsung ikagawanya tena: S24 na S24+ za Ulaya, Afrika, Korea na masoko mengine mengi zikapewa Exynos 2400, chipu ya Samsung yenyewe, na zile za Marekani, Kanada na China zikapewa Snapdragon 8 Gen 3. Ultra peke yake ndiyo iliyobaki na Snapdragon kila mahali. Mwaka 2025, S25, S25+ na S25 Ultra zikarudi zote kwenye Snapdragon, safari hii 8 Elite, na zote zikapewa RAM ya gigabaiti 12.

Kwa hiyo mpwa wa mwalimu alisema kweli. S24 mpya ya dukani Nakuru ina Exynos. S24 ya mtumba kutoka Marekani ina Snapdragon. Na S24 ya mtumba kutoka Uingereza, zile zinazoitwa ex-UK, ina Exynos sawa na ya dukani.

Je, hilo ni sababu ya kuikimbilia ya Marekani? Kwa wengi wetu, hapana. Jina la Exynos bado linabeba mzigo wa mwaka 2020, pale S20 zenye Exynos 990 zilipoachwa nyuma na dada zao zenye Snapdragon 865, hata wateja wakaanzisha ombi la kuikataa chipu hiyo. Exynos 2400 ni kitu kingine. Kwa WhatsApp, kwa M-Pesa, kwa ramani, kwa video za jioni, huwezi kuijua simu kwa kuishika. Tofauti huja kwenye kazi ndefu: anayehariri video ya harusi nzima kwenye simu, au kijana anayecheza mchezo mzito saa mbili mfululizo. Huyo ninamshauri asihangaike na herufi. Atafute S23 au S23+ ya mwaka 2023, au Ultra ya mwaka wowote kuanzia huo, kwa maana huko chipu ni moja dunia nzima.

Herufi U ina gharama zake. Simu nyingi za Marekani huuzwa na kampuni za mawasiliano za kule zikiwa zimefungwa kwenye mtandao wao, na kuna zinazofika Kenya bila kufunguliwa. Simu ya U ina nafasi moja ya kadi, ya pili ni eSIM. Na dhamana yake, kama bado ipo, iko ng'ambo ya bahari. Kwa mtu wa Nakuru anayeishi na laini mbili, Safaricom ya M-Pesa na nyingine ya bando, B ya dukani au ya Uingereza ndiyo rafiki. Herufi W ni ya Kanada. N ni ya Korea, na hiyo hutoa mlio kila unapopiga picha, kwa utaratibu wa viwanda vya nchi hiyo. Fikiria uko mazishini. Namba inayoishia na sifuri, kama SM-S9210, ni ya China na Hong Kong. Tarakimu za kati nazo zinasema: 921 ni S24, 926 ni S24+, 928 ni Ultra. Mtu akikuuzia S24 Ultra ambayo namba yake haina 928, funga mkoba wako uende zako.

Nikiulizwa Ultra ina nini hasa ambacho wengine hawana, huwa nakumbuka Jumamosi moja niliyopanda Baboon Cliff, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, nikiwa na simu zote tatu mkobani. Anayelijua ziwa lile la zamani akisimama pale leo anashikwa na simanzi. Maji yalianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, yakalimeza lango kuu la zamani pamoja na barabara zake, na migunga iliyokufa bado imesimama majini kama nguzo za nyumba iliyoungua. Maji matamu yalipoongezeka, magadi yalipungua nguvu, mwani ambao flamingo wanaula ukapungua, na wengi wakahamia Bogoria. Waliobaki, au wanaorudi, wako mbali. Ukiwataka kwenye picha ni lazima uvute.

Nikaanza kwa kuvuta mara tatu. Picha tatu, simu tatu, na nilipozitazama jioni kwenye kompyuta sikuweza kusema ipi ni ya nani bila kusoma maelezo ya faili. Lenzi ni moja, nani angetarajia vingine? Kwa mara tano mambo yakabadilika. Ultra ina lenzi yake ya mara tano, megapikseli 50, wakati S24 na S24+ zinaichukua picha ya mara tatu na kuikata pembeni. Kwa mara kumi, flamingo wa Ultra alikuwa na shingo na mguu. Wa zile nyingine alikuwa alama ya waridi juu ya maji. Hapo hakuna ubishi. Dereva wa watalii anayeingia hifadhini mara nne kwa wiki, mwanahabari wa hapa, au shabiki anayefuata magari ya Safari Rally kule Kedong na Soysambu tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hao Ultra inawalipa. Na kwao niongeze neno: S23 Ultra ilikuwa na lenzi ya mara kumi, ya megapikseli 10, ambayo kwenye S24 Ultra iliondolewa ikawekwa hiyo ya mara tano yenye megapikseli nyingi zaidi. Kwa ndege wa mbali sana ile ya zamani bado ina heshima yake.

Lakini zile megapikseli 200 zinazoimbwa kwenye matangazo? Katika matumizi ya kawaida Ultra huunganisha vijidoa kumi na sita kuwa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12. S24 ndogo, yenye megapikseli 50, huunganisha vinne kuwa kimoja na kukupa 12 hizo hizo. Faida ya Ultra ipo, kwa kuwa kihisi chake ni kikubwa na hukusanya mwanga zaidi usiku, ila si faida ya mara nne kama namba zinavyomfanya mtu aamini.

Kuna tofauti moja ya kamera ambayo sijawahi kusikia muuzaji akiitaja, nayo ina uzito mkubwa kwa eneo letu kuliko flamingo wote. Lenzi pana ya Ultra inaweza kulenga, kwa hiyo unaisogeza karibu kabisa na kitu kidogo na picha inatoka safi. Lenzi pana ya S24 na S24+ hailengi. Imekazwa mahali pamoja. Afisa wa kilimo wa Molo au Kuresoi anayepiga picha ya jani la kiazi lenye baka jani chelewa, apate kuona ule ukungu mweupe upande wa chini wa jani, atautumia uwezo huo kila siku ya mvua. Huyo hana habari na mara tano wala mara kumi. Anataka karibu. Nimewaonyesha watu kadhaa jambo hili kwa jani la mnavu lililoota nyuma ya kibanda changu, na wote wameshangaa kwamba halikuandikwa popote kwenye boksi.

Tuje kwenye maji na vumbi. Wengi husimulia kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na aliyepita hapa Januari hahitaji kamusi. Katika IP68, tarakimu ya 6 ndiyo ya vumbi, nayo ni daraja la juu kabisa: vumbi haliingii ndani. Lakini tundu la chaja na wavu wa spika viko nje ya ukuta huo. Simu zinazoletwa kwangu zikiwa "hazichaji" mara nyingi hazina ubovu wowote. Ni vumbi jekundu lililoshindiliwa tunduni mpaka likawa tofali. Kijiti cha meno na subira hutosha.

Tarakimu ya 8 ndiyo inayohitaji tahadhari, na hapa naomba nisikilizwe. Samsung hueleza kwamba kipimo hicho ni cha maji matamu, kina cha mita 1.5, kwa dakika 30. Maji matamu. Ziwa Naivasha ni la maji matamu. Nakuru, Elementaita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Maji ya magadi hula chuma, na yakikauka huacha chumvi inayopitisha umeme kwenye pini za tundu la chaja. Nimewaona vijana wakizitumbukiza simu ukingoni mwa Elementaita wakirekodi video, kwa kuwa tangazo limewaonyesha simu ikiogelea. Ikitokea imeingia, isuuze haraka kwa maji safi ya kunywa, ikung'ute, iache ikauke siku nzima kabla ya kuitia chaja. Usiianike juani wala usiifukie kwenye mchele. Hapa S24 na Ultra ni sawa kabisa. Dola 500 za ziada hazinunui hata tone moja la kinga dhidi ya magadi.

Sasa nirudi kwa ndugu wa kati, yule anayerukwa na kila mtu.

Mwaka 2023 Kenya ilizimika karibu nchi nzima mara tatu: tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Aliyekuwa Nakuru usiku wa Agosti anakumbuka jinsi simu zilivyogeuka kuwa taa, redio, benki na njia pekee ya kujua nini kinaendelea. Ongeza barabara zetu. Simu ikitafuta mtandao hutumia nguvu nyingi kuliko ikiwa imetulia karibu na mnara, na safari ya kutoka mjini kupanda Mau Summit hadi Londiani, pamoja na mabonde na misitu yake, ni safari ya kutafuta mtandao. Mwenye laini mbili anatafuta mara mbili. Katika hali hiyo, tofauti kati ya 4,000 mAh na 4,900 ndiyo tofauti kati ya kumpigia fundi gari saa mbili usiku na kutompigia. Na kutoka 4,900 kwenda 5,000 ya Ultra? Hiyo ni mia moja tu, tena Ultra ina kioo kikubwa kidogo cha kulisha.

S24+ inachaji kwa wati 45 sawa na Ultra, wakati S24 ndogo inaishia wati 25. Ina RAM ya gigabaiti 12 sawa na Ultra, ndogo ina 8. Hifadhi yake inaanzia gigabaiti 256. Ndogo inaanzia 128, na hiyo ya 128 hutumia hifadhi ya kizazi cha nyuma, ya kasi ndogo kuliko ile ya 256. Tukumbuke kwamba nafasi ya kadi ya kumbukumbu ilikoma na S20. Kuanzia S21 unachonunua ndicho utakachokufa nacho. Mtu wa kamati ya harusi, kwaya na vikundi kumi vya WhatsApp huijaza 128 kabla ya mwaka kuisha.

Kwa miaka mitatu Plus ilidharauliwa na walioizaa. S20+ ilikuwa na kioo chenye pikseli nyingi zaidi, S21+ ikanyang'anywa, S22+ na S23+ zikaachwa hivyo hivyo, na S24+ ndiyo iliyorudishiwa. Ndiyo maana wengi bado wanaiona kama S24 iliyovutwa tu. Ukiondoa kamera ya mara tano, ile lenzi inayolenga karibu, kihisi kikubwa, utando wa kioo, kalamu, titani na chipu, umebaki na Ultra nyepesi kwa zaidi ya gramu 30 na nafuu kwa dola 300. Kwenye soko la mitumba nafuu huwa kubwa zaidi, kwa kuwa wanunuzi wanauliza jina Ultra. Mimi kwa mtu asiye na kazi ya picha, mwenye safari na laini mbili, naipendekeza S24+ yenye herufi B bila kusita.

Neno fupi kuhusu chaja, kwa kuwa haimo ndani ya boksi tangu Januari 2021. Wati 45 hazipatikani kwa chaja tu. Waya nao lazima uwe wa ampea 5. Chaja za kando ya barabara zilizoandikwa 45 nimezipima, na nyingi hazifiki hata nusu. Ukiwa huna uwezo wa kununua ya kweli, chukua ya wati 25 iliyo ya kweli. Tofauti ya muda si kubwa kama inavyodhaniwa, na betri itakushukuru.

Miaka sasa. Kuanzia S24, Samsung iliahidi miaka saba ya mifumo mipya na kinga ya usalama, yaani hadi Januari 2031. S23 ziliahidiwa mifumo minne na miaka mitano ya usalama, hadi Februari 2028. S22, hadi Februari 2027. S21 muda wake ulikuwa hadi mwanzoni mwa 2026. Najua mtu atasema simu haifi tarehe hiyo ikifika, na ni kweli, itaendelea kupiga na kupokea. Lakini sisi si watu wa kupiga na kupokea tu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumehamishia ndani ya simu mshahara, akiba ya chama, mkopo wa sako na ada za shule. Simu isiyopokea tena kinga ya usalama ni nyumba ambayo kufuli yake imeacha kutengenezewa vipuri, na ndani yake tumeweka kila tulicho nacho.

Kwa hiyo nikiona S22 Ultra na S24 ya kawaida zikiuzwa bei moja, na hilo natazamia mtu alilete mezani kwangu kesho, sishindwi kuamua. Ile S22 Ultra inang'aa, ina kalamu, ina kuvuta mara kumi. Pia ndiyo ya kizazi kilichogombewa Machi 2022, ilipobainika kwamba programu ya Samsung ya kusimamia michezo ilikuwa inapunguza kasi ya simu, na Geekbench ikaziondoa S10, S20, S21 na S22 kwenye orodha yake. Na ikiwa ni ex-UK, ndani ina Exynos 2200, ambayo si ya kujivunia. S24 ina miaka minne zaidi mbele yake. Gawa bei kwa miaka iliyobaki, si kwa ukubwa wa kioo.

Kuna jambo linaloniuma. S24 zilitangazwa kwa akili bandia kuliko kitu kingine: kutafsiri mazungumzo ya simu papo hapo, kunakili sauti, kufupisha maandishi. Zilipotoka zilikuwa na lugha 13. Kivietinamu kilikuwamo, Kipolandi kilikuwamo, Kithai kilikuwamo. Kiswahili hakikuwamo. Lugha ambayo UNESCO imeitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na kuihesabia wasemaji zaidi ya milioni 200, haikupata nafasi kwenye simu inayouzwa Nakuru, Dar es Salaam na Kampala kwa bei kamili. Mkulima wa Subukia anayeongea na mnunuzi wa Ufaransa angenufaika nayo sana. Wauzaji wetu wanapoitaja akili hiyo kama sababu ya kupanda kutoka S23 kwenda S24, wasikilizwe kwa kipimo hicho: sifa kubwa kabisa ya tangazo haikuundwa kwa ajili ya kinywa cha mnunuzi wa hapa. Na kwa vile ni sawa kwa ndugu wote watatu, haiwezi kuwa sababu ya kulipia Ultra.

Kabla ya kulipa simu ya mtumba, fanya mambo haya ukiwa bado umesimama dukani. Soma namba ya modeli kwenye mipangilio, kisha piga *#06# uone namba za IMEI. Zikiwa mbili, simu inabeba laini mbili. Piga *#0*# ufungue ukurasa wa majaribio, upake kioo rangi nyekundu, kijani na buluu uone kama kina madoa au kivuli cha picha ya zamani. Weka laini yako mwenyewe, si ya muuzaji, upige simu. Halafu muulize kama simu ilichukuliwa kwa mkopo. Simu nyingi za lipa pole pole hufungwa kwa mfumo wa Samsung uitwao Knox Guard, nao hauondoki kwa kufuta kila kitu. Aliyekopa akiacha kulipa, simu hufungwa hata ikiwa mikononi mwa mtu wa tatu aliyeinunua kwa pesa taslimu. Mwaka jana mama mmoja wa Gilgil aliketi kwenye benchi langu akilia na simu ya aina hiyo, na sikuwa na la kumfanyia ila kumpa chai.

Yule mwalimu wa Bahati aliandika herufi zote nyuma ya daftari la mahudhurio: B, U, W, N, sifuri. Ya mumewe hatukuibadilisha. Laini yake ya Safaricom tulimwelekeza akaigeuze kuwa eSIM, na kadi ya Airtel ikaingia kwenye trei. Kisimu cha vitufe alichokuwa akikibeba kwa ajili ya laini ya pili walikipeleka kwa mama mkwe huko Solai, ambaye alikuwa akikiomba tangu Krismasi kwa sababu betri yake hukaa wiki nzima.